Kopo Chini ya Kitanda Changu

Kwa miaka mingi nilikuwa na kopo la biskuti chini ya kitanda, na mtaa wetu wote hapa Nachingwea ulijua kwamba ndani yake hakuna biskuti. Mlikuwa na chupa za amoksilini ya watoto ambazo hazijatiwa maji, dawa ya kufungua kifua, vidonge vya homa, dawa ya kupaka vidonda, na mabomba mawili matatu ya sindano yakiwa bado kwenye karatasi zake. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Mama akiruhusiwa kwenda nyumbani na dawa zimemzidi, ananiachia, kama mtu anayehama anavyomwachia jirani chumvi na mkaa. Sikuomba hata siku moja, lakini pia sikukataa.

Basi majirani walikuwa wanapitia mlango wa nyuma. "Sista, mtoto anakohoa." Nilivuta kopo, nikapima kwa kijiko, wakashukuru. Nilipenda kushukuriwa, sitaki kudanganya. Na nilipenda zaidi sifa ya mkono wangu. Mshipa wa kitoto cha wiki mbili, ambao wenzangu wanautafuta hadi jasho linawatoka, mimi naupata mara moja. Nimezaliwa kijijini Mtua, kwa Wamakua waliovuka Ruvuma kufuata mashamba, na marehemu mama yangu alikuwa akisema mkono wangu huo umetoka kwa bibi yake aliyekuwa mkunga. Mimi nasema umetoka kwenye kazi, ila sikumbishia mama.

Halafu akaja daktari mpya. Binti mdogo, mwembamba, sauti ya chini, umri sawa na kitinda mimba wangu. Wiki ya kwanza tu akaanza kufuta dawa kwenye mafaili. Watoto wachanga wanaolazwa miezi ya baridi, wale wanaoanza na mafua kisha kifua kinabana na kupiga filimbi, sisi tulizoea kuwawekea kanula, kile kijimrija cha kwenye mshipa, sindano mbili za antibayotiki, na mvuke wa dawa ya kufungua kifua juu yake. Yeye akasema wengi wao wana bronkiolaitisi, yaani vijia vidogo kabisa vya hewa vimevimba na kujaa makamasi kwa sababu ya virusi, na virusi haviogopi sindano zetu. Wapewe oksijeni wanaoihitaji, wasafishwe pua, walishwe kidogo kidogo, waangaliwe kwa makini. Akiona dalili za nimonia ya bakteria ataandika dawa. Asipoziona haandiki.

Nilimchukia kidogo. Nasema kidogo kwa heshima ya cheo chake. Akina mama walinijia wakinong'ona kwamba watoto wao wamelazwa bure, hata sindano moja hawajapewa, na mimi nikawaeleza yale aliyoyasema daktari, neno kwa neno, na uso wa kazi. Watoto wakapona. Wengine walipona upesi kuliko zamani, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwachoma kila mara na kuwaliza hadi pumzi inawaishia. Niliona kwa macho yangu. Wodini nikaamini. Nyumbani kopo likabaki palepale.

Sasa nimfikie mume wangu. Mume wangu ndiye mjukuu wangu wa kwanza wa kiume, na wakati huo alikuwa na miezi mitatu, mnene, mwenye hasira. Baba yake, mwanangu, ni fundi wa mashine za kubangulia korosho na alikuwa safarini kikazi. Mke wa mwanangu ni binti wa Kimwera kutoka Chinongwe, upande wa Ruangwa, mpole mno, anayesema maneno kumi kwa siku na matano kati ya hayo ni shikamoo na ndiyo mama. Walikuwa wanakaa kwangu.

Mwezi wa sita, baridi ya asubuhi ikiwa imeanza kuuma, mume wangu akashikwa na mafua. Siku ya pili akakohoa. Nikavuta kopo. Nikachanganya amoksilini kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nikampa, na nikampa ile ya kufungua kifua mara tatu kwa siku. Mama yake aliniuliza kama si vizuri twende hospitali. Nilimjibu, na maneno haya nayakumbuka vizuri kwa sababu yamenila sana baadaye: "Hospitali ni mimi."

Siku mbili nikaendelea hivyo. Siku ya nne ya mafua alfajiri, alikataa ziwa. Alilishika, akavuta mara mbili, akaliachia akihema. Nilimfunua nguo nikaona nilichokuwa nimekiona kwa watoto wa watu mara nyingi sana: ngozi ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, matundu ya pua yanatanuka, kichwa kinatikisika. Nilihesabu pumzi. Zilifika sabini kwa dakika. Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo, na mimi nilikuwa nimetaka kujiganga. Tulifika wodini kabla zamu ya asubuhi haijaingia.

Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akambana kile kimashine kwenye kidole gumba cha mguu kupima oksijeni, akaagiza kipimo cha malaria, ambacho hakikuonyesha kitu. Joto lilikuwa dogo. Akasema ni bronkiolaitisi, na siku hizi mbili zijazo ndizo zitakuwa nzito. Kisha akauliza swali ambalo mimi mwenyewe nawauliza akina mama kila siku ya Mungu: je, mtoto amepewa dawa yoyote nyumbani?

"Hapana, daktari," nikasema.

Mke wa mwanangu alitazama sakafu. Angesema nini, mbele ya mama mkwe?

Wakamwekea mirija ya oksijeni puani, wakamtia matone ya maji ya chumvi na kumnyonya makamasi taratibu, wakapitisha mpira mwembamba hadi tumboni ili apewe maziwa ya mama yake aliyoyakamua. Daktari alinikataza kumhudumia. Alisema hapa wewe ni bibi, kaa upande wa mabibi. Nikakaa kwenye benchi la walezi, mimi niliyekuwa nawafokea walezi wasikae kitandani, na nikagundua kwamba benchi lile ni gumu sana na limeinama upande mmoja.

Kesho yake hali ilikuwa mbaya zaidi, kama alivyosema. Mtoto alikuwa amechoka. Hakuwa analia. Mtoto mwenye hasira vile asipolia, moyo unakunywea. Na saa nne asubuhi hiyo ndipo mjomba alipofika.

Huku kwetu Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde tunabishana juu ya kila kitu kuanzia ugali hadi ngoma, lakini kwa hili wengi tunakubaliana: mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Baba ni mtu mzuri, bibi mzaa baba ni mtu mzuri, wote karibuni chai. Mjomba aliyekuja ni kaka wa mama yake mke wa mwanangu, mkubwa wa ukoo, mzee wa miaka sitini na ushee. Kazi yake msimu ule ilikuwa kupulizia mikorosho salfa, shamba hadi shamba, na mashine mgongoni. Alikuwa ameondoka shambani moja kwa moja. Alikuwa wa manjano hadi kwenye nyusi, na harufu ya salfa ilifika wodini kabla yake.

Nilimsimamisha mlangoni. Nikamwambia, kwa heshima zote za ukwe, kwamba vumbi lile ni sumu kwa kifua cha mtoto, anawe kwanza bombani nje na abadili shati. Akaenda akanawa, kichwa, mikono, shingo, akarudi amevaa koti la dereva bodaboda aliyemleta, likiwa limempwaya kotekote. Bila shaka hasira yake ilianzia hapo bombani.

Alimwangalia mtoto kwa muda mrefu. Akatazama juu ya kitanda, akatafuta dripu, hakuiona. Akageuza mkono wa mtoto, kisha mguu, akitafuta alama ya sindano. Akaomba kuona dawa. Daktari akaja, akamwamkia vizuri, akamweleza yote, virusi, makamasi, oksijeni, maziwa. Mjomba alisikiliza akiitikia kwa kichwa kwa adabu, ile adabu ya mtu ambaye keshaamua. Alipomaliza kusikiliza alimgeukia mpwa wake, akasema naye Kimwera, kwa sauti ya chini. Nasikia Kimwera cha sokoni tu, lakini hicho nilikielewa. Alimwambia afunge mzigo. Kule kwao yuko mtu mwenye duka la dawa anayejua kuchoma sindano, na mtoto huyu ataondoka hapa leo.

Binti akaanza kukunja khanga. Ndivyo alivyolelewa, na sikumlaumu.

Nataka mtu aelewe maana ya jambo lile. Bila ile mirija puani mwake, juu ya pikipiki, kwenye vumbi la barabara ya Ruangwa, mume wangu asingefika. Daktari alilisema hilo waziwazi. Mjomba akamjibu kwamba hata hapa hafiki popote, maana amewekwa tu, hatibiwi. Kisha akanigeukia mimi.

"Mkwe," akasema, "mkono wako unasifiwa hadi Chinongwe. Watoto wa watu unawachoma wanapona. Huyu wa kwetu mbona umemkunjia mkono?"

Wodi nzima ilisikia. Akina mama sita, watoto wao, na muuguzi mwenzangu aliyesimama na bakuli mkononi. Nilijua cha kufanya ili anyamaze. Kanula ningeipata mara moja, ningemwomba daktari aandike hata sindano ya kutuliza wakwe, mjomba angeridhika, mtoto angebaki, na siri yangu ingebaki chini ya kitanda pamoja na kopo lake. Nilimtazama daktari. Alikuwa ananitazama pia, akingoja, na nadhani alijua ninachofikiria.

Nikasimama kutoka kwenye benchi.

"Mjomba, dawa unayoitaka nimeshampa. Nilimpa nyumbani, siku mbili, mimi mwenyewe, kwa mkono huu unaosifiwa. Ya bakteria na ya kufungua kifua. Haikumsaidia chochote, ila ilinifanya nichelewe kumleta. Na jana daktari aliponiuliza nilimdanganya."

Sikuwahi kuona aibu kama ile tangu nivae sare. Mmoja wa wale akina mama, ambaye wiki iliyopita nilimfokea kwa kumpa mwanawe dawa za dukani, aliinamisha kichwa kunisitiri. Afadhali angenicheka.

Daktari hakunifokea. Alichukua faili, akauliza dawa ipi, kijiko kipi, mara ngapi, ya mwisho saa ngapi, akaandika, akamsikiliza mtoto moyo upya. Kwangu mimi ule uandishi wake wa polepole ulikuwa mrefu kuliko matusi.

Mjomba akakaa. Alikaa kwenye benchi langu, upande ule ulioinama, akafikiri. Kisha akasema, akimwambia daktari na si mimi, kwamba yeye mikorosho ameipulizia tangu ujana wake. Mkorosho wenye ukungu wa unga ukiupa salfa unapona. Ulioshambuliwa na mbu wa mikorosho hata uumwagie gunia zima unabaki vilevile, na mjinga ndiye anayeongeza la pili. Akamwambia mpwa wake akunjue khanga.

"Lakini huyu," akaongeza, akininyooshea kidole, "amemtibu mtoto wetu bila kutuuliza. Ana faini."

Nikasema nitailipa. Nilidhani ni jogoo.

Aliendelea kukaa Nachingwea siku zote zilizobaki, na salfa ya wenye mashamba ikamngoja. Kila asubuhi alinawa bombani bila kuambiwa. Daktari, ambaye ni mjanja kuliko umri wake, akampa kazi: wakati wa kulisha, kila saa tatu, mjomba ndiye aliyeshika bomba la sindano lisilo na sindano, lililounganishwa na ule mpira, akaliinua juu ya mtoto ili maziwa yashuke yenyewe. Hutakiwi kusukuma. Unashika tu na kungoja. Mikono ile iliyozoea kubeba mashine nzito ilishika kile kibomba kama mtu aliyeshika yai, na alikuwa anawaambia akina mama wengine wasiongee, maziwa yanashuka. Jioni ya pili aliniambia kwamba alitaka kuona sindano mwilini mwa mtoto, basi Mungu amempa bomba lake. Alicheka mwenyewe. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Siku ya saba ya ugonjwa pumzi zilishuka hadi hamsini. Daktari akapunguza oksijeni kidogo kidogo, akaizima, akangoja, kimashine kwenye kidole cha mguu kikaonyesha namba nzuri. Wakatoa mpira. Mama yake akampa ziwa, na sote tukainamisha shingo kama kuku wanaotazama mdudu. Mume wangu alilishika. Akavuta, akameza, akapumzika, akavuta tena. Alipoachia alilia kwa hasira kwa sababu mama yake alikuwa anambadilishia upande, na kilio hicho kilinifurahisha mpaka nikatoka nje kwenda kulia na mimi, pale bombani kwa mjomba.

Tuliruhusiwa bila hata chupa moja ya dawa. Ndipo mjomba akadai faini yake. Hakutaka jogoo. Alitaka kopo.

Tulikwenda nyumbani kulichukua, nikapeleka vilivyomo kwenye dirisha la dawa la hospitali, na mfamasia akavipokea akinitazama juu ya miwani yake. Daktari alinifokea siku hiyo, kwa faragha, kwa ile sauti yake ya chini, na alisema mambo ambayo nilistahili. Kopo tupu mjomba alilifunga nyuma ya bodaboda kwa mpira, akaondoka nalo kwenda Chinongwe. Lilikuwa linagongagonga njia nzima, dereva aliniambia baadaye.

Mwezi wa kumi na moja, korosho zikiwa zimeshapelekwa ghalani na watu wana nyuso nzuri, kopo lilirudi. Mke wa mwanangu alikuwa amekwenda kwao kuonyesha mtoto, akarudi nalo kapuni. Lilikuwa limejaa korosho za kukaanga hadi kifuniko kikawa hakifungi vizuri. Mjomba alikuwa ametuma ujumbe kwamba hii ndiyo dawa pekee ninayoruhusiwa kuweka chini ya kitanda. Mume wangu wakati huo alikuwa anakaa bila kushikwa, na jambo la kwanza alilofanya ni kulipiga lile kopo kwa kiganja.

Nimeliweka palepale. Majirani wengine hawakuamini, walidhani ninawanyima. Wiki hiyohiyo mama mmoja kijana wa nyumba ya tatu alikuja mlango wa nyuma na mtoto wa miezi miwili mgongoni. Mafua tangu juzi, akasema, na leo hanyonyi vizuri, naomba lile kopo, sista. Nikalivuta, nikalifungua mbele yake. Akachungulia, akanitazama kama mtu aliyetapeliwa. Nikampa korosho kiganjani, nikamwambia atafune na anyamaze dakika moja, nikamlaza mtoto mapajani na kumfunua kifua.

Nilihesabu pumzi hadi mwisho wa dakika. Zilifika sitini na sita. Nikamrudishia mtoto wake, nikavaa viatu, tukaenda pamoja.